Harufu ya Nini

Wauta alifungua bomba dogo chini ya tangi,
akajaza glasi, akaiinua mbele ya dirisha la Bwejuu:
rangi ya maji ya kuoshea mchele,
povu limekaa juu kama andazi lililoumuka.
"Nusa, Faki. Kunywa sikwambii. Nusa tu."

Nikanusa.
Na mimi mtoto wa Mtambile,
niliyepanda mkarafuu kabla sijajua kujifunga kikoi,
niliyelala juu ya magunia nikaamka kichwa kinanigonga,
nikamwambia: umetia karafuu.

Alicheka mpaka miwani ikamponyoka.
Hakuna karafuu humo. Ngano. Shayiri.
Giligilani konzi mbili. Maganda ya machungwa
anayoanika Bi Mwanakheri juu ya bati kule Ndijani
(yeye anadhani tunapika dawa ya kikohozi,
na hakuna hata mmoja aliyemsahihisha).
Hiyo karafuu unayoisikia, akasema, ni hamira.
Ikishakula sukari, ikipata joto lake, hupumua hivyo.

Hamira!
Nilikasirika, wallahi.
Babangu tawi lilimvunja nyonga msimu wa mavuno makubwa,
dadangu aliokota mpeta mpaka kucha zikawa nyeusi,
kumbe kuna kijidudu kisichoonekana
kinachuma bila kamba, bila kupanda,
bila kudhulumiwa pishi.

Kazi yangu mimi ni kuosha.
Matangi, mipira, sakafu, tena matangi.
Mkono unaingia mpaka kwapani, unatoka mweupe wa mashapo.
Saa saba nakoga, nabadili shati, nakwenda msikitini,
nakaa safu ya nyuma
karibu na feni.

Tangi la mwisho, lile lenye kovu,
ni la bia ya shambani. Wauta akilikaribia hushusha sauti.
Kwao, anasema, wazee waliipika wakati wa baridi,
wakaificha chini ya ghala hadi mavuno,
kisha kila mkata ngano akapewa mitungi yake ya siku,
kali kidogo, chachu kidogo, kavu kama vumbi la makapi,
kwa sababu maji ya kisima yaliua watu.
Babu wa babu yake alilipwa hivyo. Nusu fedha, nusu povu.
Nikamwambia sisi tulipewa chai ya rangi na muhogo.
Akaniuliza: muhogo mkavu au wa nazi?
Hapo nilimpenda.

Mamangu hajui kusema jambo kwa njia fupi.
Hata akiagiza chumvi huitungia vina.
Mwezi wa Shaaban akanirekodia sauti kwenye simu ya jirani:

Mwanangu uko Unguja, habari nazisikia,
Wenzio wanapokuja, kazi hawanitajia,
Nakuomba jibu moja, wapi unajipatia
Fedha hino uletayo, ina harufu ya nini?

Nilisikiliza nimekaa juu ya gunia la ngano.
Nikasikiliza tena.
Nikabonyeza kinasa sauti, nikakohoa, nikafuta.

Nilikwenda mwenyewe.
Uani majamvi yalikuwa yametandazwa, karafuu zinaiva jua,
zimeshageuka rangi, vikonyo lundo kando,
na kilichonijia puani, Mungu anisamehe,
hakikuwa shamba, hakikuwa marehemu baba.
Kilikuwa tangi namba tatu, asubuhi, kifuniko kikiinuliwa.
Nikasimama mlangoni na mkoba mkononi,
mgeni kwenye harufu ya kwetu.

Mama akanivuta shingoni kama alivyozoea,
pua yake ikakaa kwenye kola ya shati langu,
ikakaa.
Nikahesabu.
Kuku mmoja alikuwa akiparura ukingo wa jamvi
na hakuna aliyemfukuza.

"Alhamdulillahi," akasema,
"unanuka karafuu."

Akanivua shati, akalitundika kambani,
hakulifua siku zote nne nilizokaa.
Nilipoondoka nikaliacha.